Usaili wa shule ya famasi Marekani: namna ya kujiandaa, na cha kufanya ukingoja jibu

Mtihani wa PCAT, uliowachuja waombaji wa shule za famasi Marekani kwa miongo mingi, ulifanyika mara ya mwisho Januari 2024. Tangu hapo kamati za udahili zimebaki na alama zako za chuo, barua za waliokupendekeza, insha yako, na wewe mwenyewe ukiwa mbele yao. Ndiyo maana usaili una uzito kuliko zamani. Na ni wa karibu kila mtu: viwango vya mwaka 2016 vya ACPE, chombo kinachotambua shule za famasi nchini humo, vilitaka mwombaji asailiwe kabla ya kupewa nafasi, iwe ana kwa ana, kwa simu au kwa kompyuta.

Nawaandikia vijana wetu walioko huko, waliotokea Dar, Mombasa, Bukavu au kambi ya Nyarugusu, ambao wamemaliza au wanakaribia kumaliza masomo ya awali ya chuo yanayotangulia famasi na wanaomba PharmD, shahada ya kumfanya mtu mfamasia huko. Hiyo ni shahada ya miaka minne, ingawa shule chache huibana ikawa mitatu. Aliyekuja na shahada ya famasi kutoka nyumbani asikimbilie kuomba kabla ya kuuliza NABP, shirika la bodi za famasi za Marekani, kuhusu njia ya FPGEC, yaani cheti cha waliosomea famasi nje ya nchi hiyo. Waliohitimu kuanzia 2003 wanatakiwa wawe wamesoma famasi kwa mtaala wa miaka mitano. Wa Chuo Kikuu cha Nairobi ni wa mitano. Wa Muhimbili ni wa minne. Tofauti ya mwaka mmoja inamfanya mtu aliyekwisha kuhudumia wagonjwa arudi darasani. Inauma, lakini ni afadhali kulijua mapema.

Nianze na ninaloliamini, maana hatua zote zinalifuata: usaili huu ni jaribio la namna utakavyozungumza na mgonjwa dirishani. Hata unapoulizwa kuhusu alama mbaya ya fizikia, anayekuuliza anajipigia picha ya bibi mwenye kisukari amesimama mbele yako na mfuko wa dawa nane. Atakuelewa? Atakuamini? Utamsikiliza?

Hatua ya 1: Soma mwaliko mpaka mstari wa mwisho

Dirisha la PharmCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea shule hizi, hufunguliwa katikati ya mwaka kwa masomo yatakayoanza karibu Agosti ya mwaka unaofuata. Mialiko ya usaili huanza kutoka mapema na huendelea mpaka mwaka mpya umeshakolea. Shule nyingi hudahili kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo viti hupungua huku wewe ukijishauri. Ukipewa tarehe tatu, chukua ya karibu utakayokuwa tayari nayo.

Kama siku hiyo ni Ijumaa mchana au imeangukia sikukuu yenu, andika mara moja uombe nyingine. Ombi la heshima lililotumwa mapema halimpunguzii mtu alama. Kinachoudhi ni ombi la jioni ya kuamkia usaili.

Kisha tafuta kwenye mwaliko ni usaili wa aina gani. Usipoona, uliza, ofisi ya udahili itakujibu.

Upo wa kukaa na msaili mmoja au jopo la wawili watatu, mara nyingi mwalimu, mfamasia wa mtaani na mwanafunzi wa mwaka wa juu. Yule mwanafunzi usimpuuze, kwa sababu naye anaandika alama. Wapo wasaili ambao kwa makusudi hawaonyeshwi alama zako wala insha yako, kwa hiyo usiseme “kama mlivyosoma kwenye maombi yangu”. Simulia upya kama hakuna anayekujua.

Upo wa vituo vingi vifupi, maarufu kwa jina la MMI, ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster huko Hamilton, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unasoma kisa kilichobandikwa mlangoni kwa dakika chache, unaingia, unazungumza kwa dakika kadhaa, kengele inalia, unahamia mlango unaofuata. Kila kituo kina msaili wake. Ukivuruga cha pili, wa kituo cha tatu hana habari, basi usimpelekee huzuni ya jirani yake.

Na upo wa kujirekodi: swali linatokea kwenye skrini, unapewa sekunde chache za kufikiri, kisha kamera inawaka na una dakika moja au mbili. Watu wengi huuchukia huu kwa sababu hakuna uso wa kuitikia. Dawa yake ni mazoezi tu: bandika picha ya mtu unayempenda nyuma ya kamera, umsimulie yeye.

Hatua ya 2: Kusanya visa, majibu yatakuja yenyewe

Mtandaoni kuna orodha za maswali mia na majibu yake. Ziangalie mara moja ujue upepo unavumia wapi, kisha zifunge. Jibu la kukariri husikika. Sauti hupanda kidogo, macho huenda juu, maneno yanatoka yamepigwa pasi.

Chukua daftari uandike visa saba au vinane vya maisha yako vilivyotokea kweli: ulipogombana na mwenzako kwenye kazi ya kikundi, ulipofeli somo ukalirudia, ulipomhudumia mtu mwenye hasira kazini, ulipoona kosa na ukalisema, ulipobadili mawazo kuhusu mtu. Kila kisa kiwe na watu, mahali, ulichofanya wewe kwa mikono yako, na mambo yaliishaje. Kisa kimoja kizuri hujibu maswali matatu tofauti.

Swali litakalokuja kwa hakika ni kwa nini famasi, na si udaktari au uuguzi. “Napenda kemia na kusaidia watu” ni jibu la kila mtu, kwa hiyo halimhusu mtu yeyote. Sisi tuna la kusema ambalo mwenzetu aliyekulia Ohio hana. Kwa watu wengi kwetu, mtu wa kwanza wa afya ni muuzaji wa duka la dawa. Tanzania ilipoanzisha mpango wa maduka ya dawa muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003, ilikuwa inakiri jambo hilo: watu wananunua dawa hapo kwanza, basi bora anayewauzia afundishwe na duka likaguliwe. Kama umewahi kuona mtu akinunua vidonge vinne vya antibayotiki kwa sababu ndivyo fedha yake ilivyotosha, na leo umeshasoma mikrobiolojia ukajua dozi nusu inafanya nini, hapo una jibu lenye miguu miwili: ulichokiona na ulichojifunza.

Tahadhari moja tu. Usiuze umaskini. Msaili akitoka chumbani amekuonea huruma na hajui unaweza kufanya nini, umempa kisa kibaya. Nusu ya mwisho ya simulizi iwe juu ya uamuzi wako na kazi yako.

Kisa kingine ambacho vijana wetu wengi wanacho ni ukalimani. Wamewasindikiza mama, shangazi na majirani hospitalini, wakageuza Kiingereza cha daktari kuwa Kiswahili. Ni hazina, lakini ina mitego miwili. Wa kwanza ni usiri. Ukisema “mzee mmoja wa kanisani kwetu Louisville, fundi viatu, ana ugonjwa fulani”, umeshamtaja. Msaili anayeishi na sheria ya HIPAA ya 1996 kila siku atashtuka, hata asipokuambia. Futa jina, mtaa, kazi na umri. Acha tatizo la lugha na ulivyolitatua.

Mtego wa pili unawashangaza wengi. Unasema kwa fahari, “Nilikuwa mkalimani wa mama tangu nina miaka 10,” na msaili anakuuliza, “Unaonaje, ni sawa mtoto kufanya kazi hiyo?” Kanuni za kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya 2010 zinakataza hospitali na maduka ya dawa yanayopokea fedha za serikali kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Jibu la mtu aliyelifikiria ni kwamba uliifanya kwa sababu hapakuwa na mwingine, kwamba yapo mambo ambayo mama hakuyasema kwa sababu mwanawe alikuwa ndiye kinywa chake, na kwamba ukiwa mfamasia utaita mkalimani wa simu hata kama foleni ni ndefu. Jibu hilo linawaeleza habari zako nyingi kuliko insha nzima.

Hatua ya 3: Malezi yetu mbele ya msaili wa Kimarekani

Hapa ndipo nimeona vijana wenye akili wakipoteza alama bila kujua zilikwendea wapi.

Kwetu mtoto mwenye adabu hamkodolei mkubwa macho. Msaili anaandika: hajiamini. Kwetu hujisifu; unasema “tulifanya”, hata kama wenzako walilala na wewe ukakesha. Msaili anabaki hajui mchango wako. Mkubwa akizungumza unaitikia “ndiyo, ndiyo” kumwonyesha uko naye. Msaili anadhani umekubaliana na kila neno, kisha anashangaa unapotoa maoni tofauti. Ukiambiwa ujieleze unaanza na ukoo, kijiji na safari, na dakika tatu zinakwisha hujafika chuoni.

Sikushauri ujigeuze mtu mwingine. Heshima uliyofundishwa ndiyo itakayofanya wagonjwa wazee wakupende. Rekebisha vitu vinne tu. Macho: tazama katikati ya nyusi za msaili, haitofautiani na kumtazama machoni, na haikuchomi. Neno “sisi”: jirekodi ukisimulia kisa, hesabu umesema “we” mara ngapi, kisha simulia tena ukitenganisha kilichofanywa na kikundi na kilichofanywa na wewe. Kujisifu: sema jambo lilivyo, bila kivumishi. Anayesema alifanya kazi saa 20 kwa wiki huku akisoma kemia ogania na akapata B hajajisifu, ametoa taarifa. Na kujitambulisha: sasa uko wapi, ulipitia wapi, kwa nini uko mbele yao. Dakika moja na nusu inatosha.

Lafudhi isikusumbue. Wagonjwa wa Marekani wana lafudhi za dunia nzima na wafamasia wake pia. Kasi ndiyo tatizo. Tukiogopa tunakimbiza maneno. Ongea polepole kuliko unavyodhani inafaa, na usiposikia swali omba lirudiwe. Kuomba kurudiwa ni tabia nzuri ya mfamasia. Anayebahatisha jina la dawa kwenye simu ndiye wa kuogopwa.

Dada mwenye hijabu avae hijabu yake na suti yake. Asiyepeana mkono na jinsia nyingine aweke kiganja kifuani, atabasamu, ainamishe kichwa kidogo. Ukifanya haraka na kwa uchangamfu, hakuna anayebaki na mkono hewani.

Hatua ya 4: Zoezi la dirishani

Tafuta mwenzako, au hata mdogo wako mwenye vituko, mfanye kisa hiki kwa Kiingereza kama kitakavyokuwa siku yenyewe.

Karatasi ya mlangoni inasema: wewe ni mwanafunzi wa famasi, mama amekuja kuchukua dawa ya mtoto mwenye maambukizi ya sikio, bima imekataa kulipa, zungumza naye. Ndani kuna mwigizaji aliyekunja uso.

Wengi huharibu kwa namna mbili. Wa kwanza anaingia na “usijali, tutalimaliza”, ahadi asiyo na uwezo nayo. Wa pili anaanza kumfundisha mama bima zinavyofanya kazi. Mama hajaja darasani.

Anayefanya vizuri anajitambulisha kwa jina na cheo chake cha uanafunzi. Anamwacha mama aseme mpaka amalize, na hapo ndipo pagumu, kwa sababu ukimya wa sekunde tano huonekana kama saa. Kisha anarudia alichosikia: “Mtoto hajalala siku mbili, na umekuja hapa ukijua dawa iko tayari.” Anauliza kama mtoto ana homa sasa hivi na kama ana mzio wa dawa yoyote. Halafu anasema lililo ndani ya uwezo wake: kuangalia kama tarehe ya kuzaliwa iliingizwa vibaya, kwa maana bima hukataa hata kwa kosa la tarakimu moja, kumwita mfamasia, mfamasia kumpigia daktari aulize dawa nyingine ambayo bima inaikubali, kumtajia bei ya taslimu, ambayo kwa dawa ya zamani kama amoxicillin mara nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyohofia. Mwisho anamwomba mama aseme kwa maneno yake watakachofanya sasa. Kama mama hawezi kukieleza, kazi haijaisha.

Vituo vya maadili navyo vina mtego wetu wenyewe. Swali maarufu: umemwona mfanyakazi mwenzako akitia mfukoni vidonge vya maumivu vya kundi la opioidi, ufanye nini? Mtu aliyelelewa kusitiri aibu ya mwenzake atasema, “Nitamwita pembeni nimshauri aache.” Ni utu, lakini jibu halikamiliki. Dawa hizo zinalindwa na sheria. Famasi ikigundua wizi inatakiwa kuiarifu DEA, idara ya serikali inayosimamia dawa hizo, kwa maandishi ndani ya siku moja ya kazi, na mfanyakazi anayejua anawajibika kutoa taarifa. Kwa hiyo unamwambia mfamasia msimamizi, leo. Kisha unasema kwamba mwenzako huenda ni mgonjwa wa uraibu, kwamba hutamtangaza kwa wengine, na kwamba ungependa apate matibabu. Stara unaiweka katika namna ya kusema na kwa nani, ila kusema ni lazima.

Kuna pia kituo cha kushirikiana: mmoja ana picha, mwingine ana karatasi au vipande vya kuunga, mmepeana migongo, na unatakiwa umwelekeze mpaka aunde kilichopo kwenye picha. Asiye na mazoezi husema “weka hapo”. Hapo wapi? Jizoeze kumwelekeza mtu kwa simu namna ya kufunga kilemba au kukunja sambusa, utaelewa ugumu wake.

Hatua ya 5: Jua yanayoisumbua taaluma

Huhitaji kuwa mtaalamu. Chagua mambo mawili uyajue vizuri kiasi cha kuulizwa swali la pili. Moja linaweza kuwa naloxone ya kupuliza puani, dawa ya kumwokoa aliyezidisha opioidi, ambayo Machi 2023 iliruhusiwa kuuzwa bila karatasi ya daktari. Jingine ni kufa kwa maduka: Rite Aid iliomba ulinzi wa mufilisi Oktoba 2023, ikaomba tena Mei 2025, na Oktoba mwaka huo ikafunga yaliyobaki. Fikiria mtaa ambao duka lake pekee lilikuwa hilo, na wazee wasio na gari. Kampuni zinazosimamia malipo ya dawa kwa niaba ya bima, kama CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, hazitakosa kutajwa ukianza kuzungumzia kufungwa kwa maduka, kwa hiyo jua kwa nini wafamasia wadogo wanazilalamikia: mara nyingine wanacholipwa kwa dawa hakifikii walichoinunulia.

Soma pia kiapo cha wafamasia, toleo lililorekebishwa 2021. Ni ukurasa mmoja.

Hatua ya 6: Nawe uwasaili

Mwishoni utaulizwa kama una maswali. Waombaji wa famasi wamepungua sana ukilinganisha na miaka ya mwanzo ya 2010, huku shule zikiwa zaidi ya 130. Shule inakuhitaji kuliko inavyoonyesha. Nafasi ya kudahiliwa mahali fulani ni nzuri. Swali kubwa ni kama utatoka ukiwa na leseni.

Kabla ya kwenda, tazama mambo mawili yaliyo wazi kwa umma. Kwanza, hadhi ya shule kwa ACPE: inatambuliwa kamili, ni shule mpya iliyo njiani, au iko kwenye onyo? Pili, takwimu za NABP za waliofaulu NAPLEX, mtihani wa leseni ya ufamasia, kwa jaribio la kwanza, shule kwa shule. Angalia miaka mitatu, mmoja unaweza kudanganya.

Kisha waulize ya ndani. Katika kila darasa linaloanza, wangapi humaliza kwa miaka iliyopangwa? Anayefeli somo moja husubiri mwaka mzima? Mafunzo kwa vitendo, ambayo mwaka wa mwisho pekee ni saa 1,440, hufanyika wapi, na mtu asiye na gari hufikaje? Mwanafunzi wa mwaka wa juu ndiye atakayekupa jibu la kweli juu ya gari.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kama ni kwa video na nyumbani mko saba, usipigane na watoto na televisheni. Maktaba nyingi za umma huazimisha chumba kidogo bila malipo. Kihifadhi mapema, ukijaribu intaneti yake siku moja kabla. Mwanga uwe mbele yako, usiwe mgongoni. Kama ni ana kwa ana, kumbuka kwamba karani wa mapokezi naye huulizwa ulikuwaje. Beba chupa ya maji na nakala ya ratiba. Hayo mengine unayajua.

Jioni hiyo hiyo au kesho yake, mwandikie kila aliyekusaili barua pepe ya sentensi nne, ukitaja jambo moja mlilozungumza. Usiombe jibu.

Hatua ya 8: Kungoja kwenye kazi

Jibu linaweza kuja baada ya wiki chache. Linaweza kuchukua miezi kama kamati inakaa kwa awamu. Muulize mtu wa udahili siku ile ile ya usaili kamati inakutana lini, uandike. Kabla ya tarehe hiyo kupita, usipige simu. Ikipita, barua pepe moja ya adabu inatosha. Sanduku la barua taka lifungue kila siku; ofa zimewahi kulala humo. Na usikae kwenye makundi ya mtandaoni ambako watu wanatangaza nani kapokelewa lini. Hayakuambii lolote kuhusu faili lako.

Kuna kazi nne ambazo ukizianza sasa zitakuokoa kiangazi.

Chanjo ndiyo ya kwanza. Shule itataka uthibitisho kabla hujagusa mgonjwa. Hepatitisi B, katika ratiba ya kawaida, ni sindano tatu zinazochukua miezi sita, kwa hiyo anayengoja barua ya kukubaliwa ameshachelewa. Kama kadi yako ya kliniki ilipotelea Kigoma au Uvira, omba kipimo cha damu cha kinga ya surua, rubela na tetekuwanga badala ya kuanza kubishana. Kuhusu kifua kikuu: wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, ile yenye kovu begani au mkononi, na BCG inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe kana kwamba una vimelea. Omba kipimo cha damu kiitwacho IGRA, ambacho hakichanganywi na BCG. Nimeona watu wakisukumwa kwenye eksirei na miadi isiyo ya lazima kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo.

Jina ndilo la pili. Kama pasipoti, kadi ya ukaazi, vyeti vya chuo na maombi ya PharmCAS vina tahajia tofauti, au kimoja kimegeuza jina la babu kuwa la ukoo, anza kusawazisha. Uchunguzi wa rekodi za jinai utafanyika, na miaka minne baadaye jina hilo litatakiwa lifanane kwenye mtihani wa leseni. Wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari kama siku ya kuzaliwa. Hakuna shida, mradi ni hiyo hiyo kila mahali.

Tatu ni masomo. Ofa nyingi huwa na sharti: masomo ya awali yaliyobaki yakamilike kwa angalau C kabla ya kuanza. Muhula wa mwisho watu hulegea. Usilegee kwenye fiziolojia.

Nne ni fedha. Mwenye uraia, kadi ya kijani, hadhi ya ukimbizi au hifadhi anaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hawezi, naye atahitaji kuonyesha uthibitisho wa fedha kabla ya kupewa I-20, hati ya shule ya kuombea viza hiyo. Sheria ya mikopo ya shirikisho imebadilika: kuanzia Julai 1, 2026 wakopaji wapya hawapati tena Grad PLUS, mkopo wa shirikisho wa masomo ya juu, na wanafunzi wa shahada za kitaaluma, famasi ikiwamo, wana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Chukua ada ya shule, ongeza kodi ya nyumba, chakula na usafiri, uone kama inazidi hapo. Ikizidi, jua mapema tofauti itatoka wapi. Mkopo wa benki binafsi mara nyingi utadai mdhamini, na mjomba wa kukutilia saini anahitaji muda wa kushawishiwa.

Hatua ya 9: Jibu likija

Umekubaliwa: soma tarehe ya mwisho ya kulipa amana ya kushikilia nafasi, na kama hairudishwi, jambo la kawaida. Kama unangoja shule unayoipenda zaidi, iandikie kwamba una ofa yenye tarehe fulani na uulize kama uamuzi wao unaweza kupatikana kabla yake. Ni ombi la kawaida huko, si utovu wa adabu.

Umewekwa kwenye orodha ya kusubiri: thibitisha kwa maandishi kwamba bado unaitaka nafasi, kisha nyamaza mpaka uwe na jipya. Alama za muhula mpya zina kipindi chake cha kuongezwa kwenye PharmCAS, na cheti cha msaidizi wa famasi ulichopata juzi kinafaa kutajwa. Barua ya tatu ya kusema unaipenda sana shule haifai. Watu huitwa kutoka orodha hizi hadi wiki za mwisho, kwa kuwa waliolipa amana mahali pawili hatimaye huachia nafasi moja.

Umekataliwa: ngoja siku mbili tatu hasira ipoe, kisha omba maoni. Shule nyingine hutoa, nyingine hapana. Uliza swali moja la kujibika: kilichopungua kilikuwa alama, uzoefu au usaili? Angalia pia kama zipo shule zilizotambuliwa ambazo bado zinapokea maombi. Siku hizi dirisha la baadhi yake huwa wazi hadi majira ya kiangazi. Lakini usiruke kwenye shule yenye matokeo mabaya ya NAPLEX kwa sababu tu imekuita haraka. Mwaka mmoja wa kazi nyuma ya kaunta, ukipanga dawa na kupokea simu za bima, ni wa bei nafuu kuliko miaka minne ya deni bila leseni, na utakuletea visa vipya vya usaili ujao.

Na aliyekwisha kuchagua awaandikie wengine wote leo kwamba amejitoa. Mistari miwili inatosha: asante kwa muda wenu, nimekubali nafasi mahali pengine, tafadhali mpeni mwingine kiti changu.